Waliofaulu Hawakurudi

Jioni ya kwanza ya muhula wa Januari niliwahi darasani, nikavua glavu, nikakaa karibu na hita, kisha nikawa natazama mlango. Nilikuwa nasubiri wenzangu. Desemba tulikuwa tumemaliza pri-aljebra, hisabati ya kabla ya aljebra, na meza yetu ya nyuma, meza ya Waafrika, ilikuwa imefaulu yote. Hii sasa ilikuwa kozi inayofuata, aljebra ya utangulizi, na kwa chuo chetu njia ni moja: ukitoka ile, unaingia hii.

Wakaingia vijana nisiowajua. Akaingia mwalimu mgeni, akaandika barua pepe yake ubaoni. Mlango ukafungwa.

Papa, yaani baba, wa Bukavu huko Kongo, aliyetupita wote kwa alama, hakuja. Dada wa Kisii hakuja. Yule kijana Msomali aliyekuwa akimaliza mazoezi kabla sisi hatujafungua daftari, naye hakuja.

Wangekuwa wamefeli ningeelewa.

Tangu jioni hiyo nimekuwa nikijiuliza, kazini, kwenye basi, jikoni: mtu akishafaulu, anakwenda wapi?

Mashine yenye huruma

Habari za shifti za usiku na nyumba za kulelea wazee sitawasimulia. Wengi mnaosoma hapa nanyi mnabeba maboksi, mnajua. Ninachotafuta ni uuguzi, na chuo cha jamii hapa Minneapolis kiliniambia kwamba kabla ya uuguzi kuna hisabati, na kabla ya hisabati kuna mtihani wa kupangiwa darasa.

Mtihani huo ni Accuplacer, wa College Board, walewale wenye SAT, mtihani wa kuombea vyuo vikuu. Haukukimbizi na saa, kaa utakavyo. Kikokotoo chako unakiacha nje, na kompyuta yenyewe ndiyo inayoamua swali lipi linastahili kikokotoo cha kwenye skrini. Ukipata jibu, swali linalofuata linapanda. Ukikosa, linashuka. Mimi nilianza na herufi na mabano, na baada ya muda nikajikuta naulizwa asilimia kumi ya bei ya koti. Hapo nilielewa bila kuambiwa. Kuonewa huruma na mashine kunauma kwa namna yake.

Mshauri wa masomo aliniambia nisijali, huu si mtihani wa kufaulu wala kufeli. Kisha akanichorea visanduku kwenye karatasi: pri-aljebra, aljebra ya utangulizi, aljebra ya kati, na mwisho kabisa hisabati ya chuo. Visanduku vitatu vya mwanzo unavilipia kama kozi nyingine yoyote, unavikalia muhula mzima, lakini krediti zake, yaani pointi za kozi, haziingii kwenye shahada. Msaada wa serikali kuu unakubali kulipia masomo ya aina hiyo hadi krediti 30, halafu basi.

Hakuuliza cheti changu cha kidato cha nne. Hata angeuliza, hisabati yangu ni F, na kwa hilo sina upekee: katika matokeo ya 2021 na 2022, waliofaulu hisabati nyumbani Tanzania walikuwa kama mmoja katika kila watano. Darasa la saba nilikuwa moto. KDS, KKS, namba tasa, namba shufwa, vyote vilikuwa vyangu. Kidato cha kwanza vikabadilishiwa lugha kati ya Desemba na Januari, na hatukuonana tena.

Nilipokileta kitabu nyumbani, binti yangu alikifunua kurasa mbili tatu.

"Mama, hiki ndicho tunachosoma sisi."

Yeye yuko darasa la saba. Tukagawana meza.

MAGAZIJUTO

Mwalimu wetu alikuwa mama mtu mzima, mwalimu wa mkataba, anayefundisha vyuo viwili ili mwezi utimie. Vijana wa Kimarekani walimwita kwa jina lake la kwanza. Mimi nilijaribu nikashindwa, ulimi ulikataa. Nikamwita Mwalimu. Akauliza maana yake, akaridhika, na hadi muhula unaisha nusu ya darasa walikuwa wanamwita hivyo.

Wiki za mwanzo aliandika ubaoni: 10 − 3 + 2.

Mimi nikaona MAGAZIJUTO. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Jumlisha inatangulia, kwa hiyo 3 na 2 ni 5, na 10 ukitoa 5 ni 5. Dada wa Kisii, mtoto wa BODMAS, kifupisho chao Kenya cha kanuni hiyohiyo, akaniunga mkono. Vijana wa Kimarekani wenye PEMDAS yao, ambamo pia kujumlisha kunatangulia kutoa, wakagawanyika. Papa wa Bukavu hakuwa na kifupisho chochote. Alisoma kwa Kifaransa, enzi za Zaire, na alikwenda kutoka kushoto kwenda kulia bila wasiwasi.

"Tisa," akasema.

Ni tisa.

Mwalimu hakutuacha tucheke. Akaandika 24 ÷ 4 × 2. Sasa waliojikwaa ni wa PEMDAS, kwa sababu kwao herufi ya kuzidisha imetangulia ya kugawanya: 4 mara 2 ni 8, na 24 kwa 8 ni 3. Sisi wa GAZI tulipata 12 bila jasho. Ni 12.

Halafu akasema jambo ambalo kwa miaka yote ya kuimba vifupisho sikuwahi kulisikia. Kutoa hakuna kazi yake peke yake. Ni kujumlisha namba hasi. Kugawanya ni kuzidisha kwa namba iliyopinduliwa. Ndiyo maana jumlisha na toa wana cheo kimoja, na zidisha na gawanya wana cheo kimoja, na wakikutana wa cheo kimoja unakwenda kushoto kwenda kulia. Kifupisho ni kumbukumbu tu, na kumbukumbu haiwezi kubeba haya yote.

Kwenye basi niliichambua MAGAZIJUTO kama mtu aliyeambiwa siri ya babu yake. GA kabla ya ZI haikuumizi kamwe. 12 × 6 ÷ 3: ukigawanya kwanza unapata 24, ukizidisha kwanza unapata 24. Jaribu namba yoyote. Penye balaa ni JU kabla ya TO. Na hapo nikaona kitu kingine: hata JU kabla ya TO ni kweli, mradi ujue kwamba alama ya kutoa ni mali ya namba iliyo kulia kwake na inahama nayo. Kwenye 10 − 3 + 2, zinazojumlishwa ni 10 na 2. Zijumlishe kwanza, 12. Kisha toa 3. Tisa.

Babu hakudanganya. Kilichopotea njiani ni lile neno moja la mwalimu, kwamba alama inahama na namba yake. Labda mwalimu wangu Tanga alilisema. Labda lilisemwa kwa Kiingereza, siku ambayo watu zaidi ya 80 tulibanana kwenye madawati tukinakili ubao usifutwe.

(Vipeo havimo kabisa kwenye MAGAZIJUTO. Hilo nimemwachia anayehusika.)

Jioni hiyo ndiyo iliyonibadilisha. Nilikuwa nimekwenda kwenye kozi ile kwa aibu, kama mtu aliyerudishwa darasa. Nikatoka nikiwa na hasira, na hasira ni bora kuliko aibu: kumbe haya mambo yana sababu, na kuna watu wamekuwa nazo muda wote.

Chini ya sifuri

Namba hasi nilizisoma Tanga zikiwa mchoro. Mstari wa namba, sifuri katikati, huku chanya, kule hasi. Hakuna kitu nilichokijua maishani kilichokaa upande wa kushoto wa sifuri, labda deni la dukani, na deni hukuliandika kwa alama ya kutoa, uliandikwa jina.

Kisha ukaja Minnesota. Hapa mtoto wa shule anaijua hasi kwa masikio yake. Mwezi Februari 1996 mji wa Tower, kaskazini mwa jimbo, ulifika digrii −60 za Farenhaiti, na bado ndiyo rekodi ya jimbo. Asubuhi inaweza kuwa −9 na mchana ikawa 12, na ukiulizwa joto limepanda kiasi gani, hakuna anayekokotoa kwa kanuni: kutoka −9 hadi sifuri ni tisa, kutoka sifuri hadi 12 ni kumi na mbili, jumla 21. Nikatazama daftari, nikaona nimefanya 12 − (−9). Zile toa mbili zinazogeuka jumlisha, ambazo nilizikariri kama sala, zilikuwa zimesimama pale zimevaa koti.

Hasi mara hasi ilikuwa ngumu zaidi, na huko hali ya hewa haisaidii. Mwalimu alishuka ubaoni taratibu. 3 mara −2 ni −6. 2 mara −2 ni −4. 1 mara −2 ni −2. 0 mara −2 ni 0. Akanyamaza, akatupa chaki. Kila hatua jibu linapanda kwa mbili. Hatua inayofuata ni −1 mara −2, na kama mpangilio hauvunjiki, jibu lazima liwe 2.

Dada wa Kisii akasema kwa sauti, "Kwa nini hawakutuambia?"

Sikuwa na jibu.

Robo

Sehemu ndizo zilizowatoa machozi watu wengi, na sisemi kwa mafumbo. Kuna mama mmoja Mmarekani, umri wangu, alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Kugawanya kwa sehemu wote tulikijua kwa wimbo: geuza uzidishe. Kwa nini kugeuza? Hakuna aliyejua, si sisi, si wao.

Mwalimu alikuwa na mfano wa piza. Mimi nikawa na wangu. Nilimwambia kwetu sukari inauzwa kwa robo. Ukiwa na kilo tatu na kila mteja anataka robo, utahudumia wangapi? Mtoto wa mwenye duka atakwambia kumi na wawili bila kalamu. Basi hiyo ndiyo 3 ÷ ¼, na 12 imetokana na 3 mara 4, kwa sababu kila kilo ina robo nne. Umegeuza, umezidisha. Nusu robo nayo nikaieleza, na kijana mmoja akaniuliza kama kweli watu wazima wanatembea mitaani wakisema moja ya nane.

Wanasema. Wanainunulia mafuta ya kula.

Papa wa Bukavu alikuwa na shida nyingine. Mgawanyo wake mrefu ulikaa kinyume na wetu, kigawanyo kulia, jibu chini yake, na desimali aliziandika kwa mkato: 0,25. Majibu sahihi, maandishi ya nchi nyingine. Programu ya mazoezi kwenye kompyuta ilimkatalia kila mara. Mwalimu alimwita ubaoni, akamwomba atufundishe kugawanya kwa namna ya Bukavu. Tulinakili. Ni njia safi, inachukua nafasi ndogo. Kisha akamwambia kwa upole kwamba hapa nukta ni lazima, na hasa kwa anayeelekea hospitali.

Hilo nililijua kazini. Sigawi dawa mimi, lakini naona karatasi. Joint Commission, taasisi inayokagua hospitali za Marekani, ilitoa orodha mwaka 2004 ya namna za kuandika zilizopigwa marufuku, na mbili kati yake ni za desimali: usiandike .5 bila sifuri mbele, maana nukta ikififia mgonjwa atapewa 5, usiandike 5.0 yenye sifuri nyuma, maana nukta ikififia atapewa 50. Mara kumi. Daktari akiandika digoksini miligramu 0.25, na vidonge vilivyopo ni vya 0.125, nesi anatakiwa ajue ni viwili kabla hajafungua kabati. Digoksini ni dawa ya moyo ambayo kipimo chake cha kutibu na cha kudhuru vinakaribiana sana.

Kwa hiyo ukiniuliza kama pri-aljebra ina kazi kwa muuguzi, nitakujibu kwamba ndiyo hisabati anayoihitaji kuliko zote. Uwiano, vipimo, desimali, asilimia. Kisanduku cha tatu cha mshauri wangu, kile cha kuchambua polinomia (semi ndefu za herufi na vipeo), sijamwona nesi yeyote wa wodi yetu anayekitumia.

Vipimajoto viwili

Wiki ya mwisho Mwalimu alituachia swali moja. Sisi tuliokulia kwenye Selisiasi na wao wa Farenhaiti, kuna baridi gani ambayo tutaitaja kwa namba ileile?

Kanuni ya kubadilisha tulikuwa nayo: zidisha Selisiasi kwa tisa, gawanya kwa tano, ongeza 32. Kama namba ni ileile pande zote, iite x. Basi x ni sawa na 9x kwa 5, ongeza 32. Zidisha kote kwa 5: 5x = 9x + 160. Toa 9x kote: −4x = 160. Gawanya.

x = −40.

Meza nzima tulitazamana. Sehemu, hasi, na ile herufi niliyoiogopa tangu kidato cha kwanza, vyote ndani ya mstari mmoja, na jibu lake ni baridi ambayo watu wa jimbo hili wameipata kweli usoni. Papa aliliandika tena kwa mwandiko mzuri kwenye ukurasa mpya. Alisema ni la binti yake.

Maneno hayo niliyasikia tu, sikuyazingatia.

Nilitaka kuitetea

Februari chuo kikatangaza kwamba kuanzia muhula wa vuli pri-aljebra haitafundishwa tena. Atakayehitaji ataingizwa moja kwa moja kwenye hisabati ya chuo, na sambamba na hiyo ataongezewa saa za msaada kila wiki. Visanduku vyote vile, kwisha.

Nikakasirika. Nikaanza kuandika makala tofauti kabisa na hii. Ilikuwa ya kutetea darasa: kwamba watu wazima wanahitaji mahali pa kuuliza kwa nini, kwamba wanaofuta kozi hizi hawajawahi kukaa kwenye ngazi wakilia kwa sababu ya sehemu. Nilitaka niiimarishe kwa takwimu, nikazitafuta, na takwimu zikaniharibia.

Mwaka 2010 Thomas Bailey na wenzake, wa kituo cha utafiti wa vyuo vya jamii kilichopo Chuo Kikuu cha Columbia, walichapisha utafiti wa maelfu ya wanafunzi waliopelekwa kwenye kozi za maandalizi. Kwa hisabati, waliomaliza mlolongo mzima ni kama theluthi moja. Kwa walioanzia ngazi tatu chini, yaani sisi, hawakufika hata mmoja katika watano. Na lililonisimamisha si hilo. Lililonisimamisha ni kwamba walioacha kwa sababu hawakujiandikisha, iwe kozi ya kwanza au inayofuata, walikuwa wengi kuliko walioacha kwa kufeli au kujitoa katikati.

Hawakujiandikisha.

Nikachukua kalamu. Tuseme watu 100 wameanza. Tuseme darasa ni zuri, mwalimu ni huyuhuyu wetu, na wanaofaulu kila kozi ni 80 katika kila 100. Tuseme pia kwamba katika kila 100 waliofaulu, 80 wanarudi muhula unaofuata. Hizo ni namba za kujivunia popote. Kozi ya kwanza wanafaulu 80. Wanarudi 64. Wanafaulu ya pili 51. Wanarudi 41. Wanafaulu ya tatu 33.

Theluthi. Na hisabati ya chuo bado hawajaigusa.

Asilimia ya asilimia, hesabu ya pri-aljebra kabisa, niliyofundishwa na darasa lile nililotaka kulitetea. Unaweza kumwongeza mwalimu bora, ukamwongeza mfano wa sukari, bado urefu wa njia peke yake utawamaliza watu. Wale waliokosekana Januari ndio waliokuwa ushahidi, na ulikuwa dhidi yangu.

Ndiyo maana Tennessee tangu 2015 wamehamia mfumo wa sambamba, na California ikapitisha sheria yake ya AB 705 mwaka 2017, inayovitaka vyuo viangalie alama za sekondari badala ya kumtegemea huyo Accuplacer. Mtafiti mwingine wa kituo kilekile, Judith Scott-Clayton, alionyesha mwaka 2012 kwamba karibu mmoja kati ya wanne waliofanya mtihani wa hisabati wa kupangiwa alipangwa vibaya sana, wengi wakiwekwa chini ya uwezo wao. Namfikiria yule kijana Msomali na mazoezi yake yaliyoisha mapema.

Bado kuna jambo linanikaa kooni. Alama za sekondari ni dawa nzuri kwa aliyesoma sekondari hapa. Cheti cha Necta, cha KCSE ya Kenya, cha diploma ya serikali ya Kongo, kinatakiwa kwanza kipite kwa wakala wa kukitafsiri na kukithaminisha, kwa pesa yako. Wengi wetu tunashindwa au hatuambiwi, na tunarudi kwenye mashine. Na zile saa za msaada za sambamba, je, zitakuwa za kuuliza kwa nini hasi mara hasi ni chanya, au za kukimbizana na kazi ya wiki? Kijana wa miaka 18 aliyesahau kidogo zitamtosha. Mtu aliyeshika sehemu mara ya mwisho enzi za Mzee Mwinyi, sijui. Naunga mkono mabadiliko, na siyaamini. Nimeshindwa kuchagua moja.

Simu

Mwishowe nikafanya nilichopaswa kukifanya kabla ya kusoma tafiti za watu. Nikapiga simu.

Dada wa Kisii alipokea akiwa kwenye gari. Hakuwa ameacha. Alipoingia kwenye mtandao wa chuo kujiandikisha alikuta akaunti imefungwa: alikuwa anadaiwa faini ya maegesho, pesa ya chakula cha mchana cha watu wawili. Alilipa. Kufungua kukachukua siku, darasa la jioni likajaa, likabaki la saa nne asubuhi, saa anayorudi kutoka kazini na kulala. "Nikasema basi, fall," aliniambia. Nikamwuliza kama anajua kwamba vuli kozi yenyewe haipo. Hakuwa anajua.

Kijana Msomali sikuwa na namba yake.

Papa wa Bukavu aliniacha nieleze yote, wasiwasi wangu, watafiti wa New York, wale 100 wanaobaki 33. Alinisikiliza kwa heshima, kama watu wa kwao wanavyosikiliza. Kisha akacheka.

"Mama, mimi nilipata kile nilikuwa natafuta."

Hakuwahi kutaka shahada. Yuko ghalani, ana mshahara, ana bima. Binti yake alipofika darasa la saba alianza kuleta kazi za nyumbani, na kila akimwuliza, baba alikuwa anasema amechoka. Hakuwa amechoka. Alijiandikisha chuo ili amalize uongo huo, na Desemba ukaisha. Lile swali la vipimajoto alimpa binti, wakalifanya pamoja, na binti akamkosoa mahali.

"Sasa nirudi kufanya nini?"

Kwenye hesabu za chuo Papa ni mmoja wa waliopotea. Kwenye hesabu zangu pia alikuwa amepotea, hadi dakika ile. Yeye ndiye pekee kati yetu aliyelipia kitu akakipata chote.

Na mfumo mpya hauna mlango wake. Atakayekuja kesho akitaka sehemu na hasi tu, ili akae mezani na mwanawe, ataambiwa aingie hisabati ya chuo na saa za ziada. Ataombwa awe na lengo kubwa kuliko lake. Kuna masomo ya bure ya watu wazima kwenye wilaya za shule, najua, na pengine huko ndiko anakotakiwa kuelekezwa. Papa hakuna aliyemwelekeza. Mshauri alimchorea visanduku.

Kwa anayekwenda kufanya mtihani

Wiki iliyopita mdogo wetu mmoja, Mtanzania mgeni, aliniuliza kwenye chumba cha chai kama kweli mtihani wa kupangiwa "si wa kufaulu wala kufeli". Nilimwambia asikubali maneno hayo. Apige msuli kama wa Necta. College Board yenyewe inatoa mazoezi bure. Asiufanye akitoka shifti. Aulize kama unaweza kurudiwa, na baada ya muda gani. Atafute cheti chake na aulize kwa maandishi kama kitaangaliwa. Aulize pia uuguzi wa chuo hicho unataka hisabati ipi hasa, kwa sababu mara nyingi kozi ya takwimu inatosha, na njia ya takwimu ni fupi kuliko ya polinomia.

Na ajiandikishe muhula unaofuata kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula huu, siku ambayo ratiba inafunguliwa, hata kama hana uhakika atafaulu. Kujitoa ni rahisi kuliko kupata nafasi ya jioni.

Darasa langu la sasa nimelisumbua kwa hilo. Tulikubaliana wachache tukutane maktaba, kila mtu akafungua akaunti yake, tukatafuta nani amefungiwa na kwa deni gani. Wawili walikuwa wamefungiwa. Mmoja alikuwa hajui.

Dada wa Kisii anakuja vuli, mfumo wa sambamba. Amesema kama hawataeleza kwa nini, atainua mkono mpaka waeleze. Mimi nimejiandikisha takwimu, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili jioni.